Sauti Bila Picha

Siku ya gulio, Omurushaka hujaa mpaka pembeni mwa lami. Wauza maharage hukaa bega kwa bega na wauza viatu, mbuzi hufungwa kwenye nguzo za vibanda, na anayetaka kupita lazima aombe njia. Mwesiga alikuwa akiomba njia hivyo, akiharakisha kurudi kazini Kayanga, alipomwona mbele yake mwanamke aliyefunga mzigo mgongoni kwa kitenge cha njano, kama mama anavyombeba mtoto mchanga. Alivaa sweta la kijani, na viatu vyake vilikuwa na tope la njia ndefu. Mzigo wenyewe ulikuwa na pembe nne, na chini yake ulining'inia waya mweusi.

"Samahani dada," Mwesiga alimwambia, "mtoto wako ana mkia."

Mwanamke aligeuka. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyechoka kutazamwa njia nzima, lakini alicheka.

"Ana mkia na ana homa. Nampeleka kwa fundi Kaijage, Kayanga. Unamjua?"

"Namjua sana, mimi ndiye ninayemfanyia kazi. Lete nikupokee."

"Nimembeba toka Nyabiyonza, kaka. Siwezi kumkabidhi mtu nisiyemjua hata jina."

Akamtajia jina. Naye akasema anaitwa Kembabazi, ni mwalimu wa jiografia, na kwamba dereva wa pikipiki alikuwa amekataa kuufunga ule mzigo nyuma kwa kuogopa mashimo, ndiyo maana aliamua kuubeba mgongoni. Walipopata usafiri wa Kayanga bado hakuufungua. Alimpa Mwesiga mkoba wa daftari tu ashike.

Dukani kwa Kaijage alieleza shida yake kwa mpangilio, kama anafundisha. Ilikuwa kompyuta ya mezani ya zamani, aliyoinunua shule ilipopata mpya. Kila kitu kilifanya kazi isipokuwa video za mtandaoni. Ukifungua, kiduara kinazunguka, kinazunguka, halafu video inaanza. Ikianza, sauti inaendelea lakini picha inasimama, au inageuka kijani kibichi kama jani la mgomba. Mwesiga alimuuliza kwa nini asitazame kwenye simu tu, awaachie mafundi kompyuta yao wapumzike.

"Si yangu mimi," Kembabazi alijibu. "Ni ya Tata."

Baba yake, Mzee Mwebesa, alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na jicho moja tu ndilo lililorudi, tena kwa vitu vikubwa. Picha ya kwenye simu kwake ilikuwa mwanga usio na umbo. Na tarehe nane Disemba, dada mkubwa wa Kembabazi, Sista Deodatha, angeweka nadhiri zake za daima Italia. Shirika lake lilikuwa limetuma kiungo ili wazazi wote wafuatilie misa mubashara. Mzee alitaka kumwona.

Hiyo ilikuwa Oktoba mwanzoni, na muda ulikuwepo.

Mwesiga aliijaribu kompyuta pale dukani. Video aliyoihifadhi kwenye diski ilicheza bila kigugumizi, ila za mtandaoni zilisumbua vilevile. Akasema kwa ukweli kabisa kwamba huenda ni mambo mawili yaliyochanganyika, intaneti ya nyumbani na kompyuta yenyewe, na kwamba ingemlazimu aone mahali inapokaa. Kaijage, aliyekuwa akisikiliza kutoka nyuma ya kaunta, alimtazama kijana wake juu ya miwani.

Nyumba ya Mzee Mwebesa ilikuwa katikati ya migomba, na mibuni ikiwa imepandwa katikati yake kama kawaida. Mwesiga alifika Jumamosi asubuhi akiwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, jambo ambalo fundi anayekwenda kufungua kompyuta yenye vumbi hana sababu ya kulifanya. Mama alimletea akamwani kwenye kikapu kidogo, naye akatafuna punje mbili tatu za kahawa huku akiamkia. Mzee aliitikia shikamoo akiwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, miguu yake imevimba, blanketi magotini. Moyo wake ulikuwa umepanuka. Alikuwa akipumua kama mtu aliyetoka kupanda mlima.

Siku hiyo Mwesiga alishughulika na intaneti. Kompyuta ilikuwa ikipokea mtandao kutoka kwenye simu ya Kembabazi, na simu hiyo ilikuwa ikiwekwa mezani, mahali ambapo ukuta wa mawe uliinyima nguvu. Akazunguka nayo nyumba nzima akiangalia mistari, mpaka akapata nafasi nzuri juu ya fremu ya dirisha la mashariki. Akawafundisha kufunga kurasa nyingine zote zinazokula bando kimyakimya, na kuushusha ubora wa video daraja moja badala ya kuiacha ijichagulie. Kiduara kikapungua kuzunguka. Tatizo la picha likabaki.

"Umepunguza homa," Kembabazi alimtania akimsindikiza. "Mkia je?"

"Mkia Jumamosi ijayo, Mwalimu."

Jumamosi iliyofuata alifungua kasha, akatoa vumbi lililoganda kwenye feni, akafuta mabaki ya kurasa za zamani, akaweka toleo jipya la kivinjari. Bado picha iliganda. Kembabazi aliitwa jikoni na mama yake wakaipue ndizi, na Mwesiga akabaki peke yake sebuleni. Mzee alikuwa amelala chumbani.

Akaingia kwenye setingi. Chini kabisa, upande wa mfumo, kulikuwa na kisanduku chenye alama ya vema, kile kinachoiagiza kompyuta itumie kadi yake ya picha inapoonyesha video. Kadi ile ilikuwa kuukuu na kivinjari kipya hakikuelewana nayo. Mwesiga akaondoa alama, akakianzisha kivinjari upya, akafungua video ya kwaya iliyokuwa ikisumbua.

Ikaenda. Nyuso za waimbaji zilionekana mpaka meno. Aliitazama kwa muda mfupi na ile furaha ya fundi ikamjia, halafu kutoka jikoni akasikia kicheko cha Kembabazi. Ndipo alipotambua kwamba kazi imekwisha. Angekula ndizi, angeaga, na Jumamosi ijayo asingekuwa na la kumleta Nyabiyonza.

Alirudisha alama kwenye kisanduku.

Alijiambia ni wiki moja tu. Kembabazi alipoingia na sinia, akauliza imefikia wapi, Mwesiga alijibu kwamba bado kidogo, kuna kitu anakifuatilia. Akanawa mikono akala.

Wiki moja ikawa mbili, zikawa tano. Kila Jumamosi alikuja na la kufanya. Mara abadilishe waya wa skrini, mara alete programu kwenye flashi, mara apime joto la mashine. Na kila Jumamosi Kembabazi alimsindikiza mbali kidogo zaidi ya mara iliyopita. Walianza kwa kuzungumzia wanafunzi wake waliochora Ziwa Viktoria upande wa Kigoma. Wakaja kuzungumzia mchumba aliyemwacha Kembabazi kwa sababu hakukubali kuacha wazazi wagonjwa, na mama yake Mwesiga kule Chonyonyo ambaye kila mwezi alimuuliza mwanawe kama anangoja malaika ashuke. Siku ya Jumamosi ya nne, wakiwa wamesimama chini ya mvua nyepesi wakijifunika kitenge kimoja, Kembabazi alimshika mkono, na wakabaki hivyo mpaka pikipiki mbili zikawapita.

Siku za katikati ya wiki zilikuwa za simu. Mwesiga alimpigia jioni, dukani wakishafunga.

"Mgonjwa wetu anaendeleaje?"

"Yupi? Tata, kompyuta, au mimi?"

"Anza na wewe."

"Mimi nina homa ya Jumamosi, Fundi. Ikifika Jumatano inapanda."

Mwesiga alicheka kila mara, na akishakata simu alikaa na ile raha mpaka ikaanza kumchoma. Mara mbili alikusudia kumaliza mchezo. Mara zote mbili aliogopa kwamba akikigusa kisanduku kimoja tu na kila kitu kikakaa sawa, Kembabazi, ambaye hakuwa mjinga, angeuliza kwa nini hakukigusa mwezi mzima. Basi akapanga vizuri zaidi. Angemaliza siku yenyewe, asubuhi ya tarehe nane, picha itokee mbele ya familia yote. Angekaa nao kutazama misa. Na mzee akiwa amefurahi, angemwomba ruhusa ya kuwatuma wazee wake.

Mzee mwenyewe alimpa sababu ya kuacha mzaha, lau angeisikiliza. Ilikuwa Jumamosi ya tano. Kembabazi na mama walikuwa shambani. Mzee Mwebesa alimwomba Mwesiga asogeze kiti, akamweleza kwa pumzi fupifupi kwamba Deodatha alipotaka kwenda utawani yeye alimkatalia. Alikuwa mtoto wake wa kwanza, mwenye akili kupita wote, na baba alikuwa tayari ameshamwahidi kwa mchumba kutoka kwenye familia ya wafugaji anayoiheshimu. Deodatha aliondoka bila baraka. Miaka sita baba hakuzungumza naye ila mara moja kwa simu, na mara hiyo alimtukana.

"Sauti yake naijua," mzee alisema. "Nilipomtukana alinijibu kwa sauti ya upole, ileile. Sasa nataka kuuona uso wake akiwa ndani ya hicho alichokichagua. Nikishauona nitampigia nimwambie nimekubali. Nikimwambia kabla ya kumwona, atadhani naogopa kufa."

"Utamwona, mzee," Mwesiga alisema. "Nakuahidi."

Na aliposema hivyo alimaanisha. Alikuwa na hakika kabisa, kwa sababu alijua kilipo kisanduku.

Tarehe saba Disemba Kaijage alimtuma Murongo, mpakani, kwenye nyumba ya wageni ambayo kompyuta zake mbili ziligoma. Mwesiga alifikiri angerudi siku hiyohiyo. Kazi ikawa ndefu, mvua ikanyesha, akalala hukohuko. Pale Murongo simu yake iliacha mtandao wa nyumbani, ikajishikiza kwenye mtandao wa ng'ambo ya mto, Uganda, ambao hakuweza kupigia wala kupigiwa. Hakuhangaika sana. Misa ingeanza saa sita mchana, na akiondoka alfajiri angefika saa tatu.

Asubuhi ile barabara ilikuwa uji. Pikipiki iliteleza na kulala chini mara mbili, na kabla ya Nkwenda mnyororo ukakatika. Mwesiga alisimama kando ya barabara, suruali imelowa mpaka magotini, akimtazama dereva akitafuta kipande cha kuungia. Aliangalia saa. Ilikuwa saa nne, halafu saa tano, na simu yake ilikuwa bado inatafuta mtandao. Alianza kutembea kwa miguu kupanda kilima, dereva akimwita nyuma. Karibu na juu simu ilitetemeka mfululizo. Zilikuwa taarifa za simu zilizokosa kumpata, kumi na saba zote. Kabla hajapiga, ikaita. Ilikuwa saa saba kasoro robo.

Kembabazi alikuwa akitumia simu ndogo ya mama yake, maana ya kwake ilikuwa dirishani ikiipa kompyuta intaneti.

"Uko wapi?"

"Nkwenda. Mnyororo umekatika. Misa—"

"Inaendelea. Tunasikia kila kitu. Picha ni kijani tupu. Nimejaribu kumshikia simu yangu machoni, ameniambia anaona mwanga tu. Amesogeza kiti mpaka pua inagusa kioo. Mwesiga, sasa hivi wanamwita jina."

Nyuma ya sauti yake Mwesiga alisikia kinanda, na sauti ya mwanamke ikisoma maneno ya Kiitaliano polepole. Akasikia na sauti ya mzee ikiuliza kwa Kinyambo, "Ni yeye huyo?" na mama akiitikia kwamba ndiye.

"Sikiliza," Mwesiga alisema. "Shika kipanya. Juu kulia kuna vidoti vitatu, bonyeza. Setingi. Shuka mkono wa kushoto mpaka mwisho, bonyeza mfumo. Umeona kisanduku cha pili?"

"Nimekiona."

"Toa alama. Kitatokea kitufe pembeni cha kuanzisha upya. Kibonyeze."

Alibonyeza. Kivinjari kikafunga, na sauti ya Sista Deodatha ikakatika katikati ya neno. Kompyuta ile ilikuwa kuukuu. Ilikaa ikifikiri. Juu ya kilima Mwesiga alimsikia mzee akiuliza kwa nini wameizima. Kivinjari kilipofunguka ilibidi kutafuta kile kiungo upya, na kiduara kikazunguka, kikazunguka, mtandao ukikatika na kurudi, karibu saa nzima.

"Picha imekuja," Kembabazi alisema mwishowe.

"Nzuri?"

"Nzuri sana."

"Anamwona?"

Kembabazi aliitafuta sura ya dada yake kwenye skrini.

"Wanatoka kanisani," alisema. "Kuna maua na viti. Kuna watu wanapiga picha mlangoni. Yeye ameshatoka."

Mwesiga alifika Nyabiyonza saa kumi. Mzee alimpa mkono, akamwambia pole kwa njia, na kwamba amesikia, imetosha. Alisema hivyo kwa upole ambao Mwesiga hakuweza kuutazama. Jioni ile alipomwomba mkewe ampigie Deodatha, simu haikupokelewa. Masista walikuwa kwenye karamu yao. Jumatatu alizidiwa, akapelekwa hospitali. Jumatano asubuhi alifariki. Misa nzima iliyorekodiwa waliiweka mtandaoni wiki iliyofuata.

Mwesiga alikuwepo msibani siku zote. Alibeba viti, alichota maji, alishika sepetu kaburini. Watu wa Nyabiyonza walimwona kama mkwe na walimpa kazi za mkwe. Kembabazi, katika gauni jeusi na kitambaa kilichofunika nywele, alipita karibu naye mara nyingi na kila mara alimgusa begani. Alikuwa bado analia bila kufikiri.

Kufikiri kulikuja siku ya tano, wakati akiosha masufuria nyuma ya nyumba. Alikumbuka ile sauti ya Mwesiga kwenye simu. Vidoti vitatu. Mkono wa kushoto mpaka mwisho. Kisanduku cha pili. Hakuwa amemuuliza anaona nini kwenye skrini. Hakujaribu hiki, halafu kile. Wiki zote zile alikuwa akitafuta, na siku moja akiwa Nkwenda, kwenye matope, bila kompyuta mbele yake, akaenda moja kwa moja.

Aliacha sufuria. Alimkuta Mwesiga akikunja turubai uwanjani, akamwomba waende pembeni, kwenye migomba.

"Ulijua tangu lini?" alimuuliza.

Mwesiga angeweza kusema kwamba alibahatisha, au kwamba wazo lilimjia njiani. Kembabazi angetaka kuamini, na pengine angeamini.

"Jumamosi ya pili," alisema.

"Ukaniambia bado kidogo."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kurudi. Sikuwa na sababu nyingine ya kuja hapa."

Kembabazi alitazama mikono yake iliyokuwa na masizi. Alipozungumza hakupandisha sauti.

"Alisogeza kiti mpaka pua ikagusa kioo. Akaweka kiganja kwenye skrini, hivi, kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Unajua hilo? Hukuwepo. Mimi nilikuwepo."

"Kemba—"

"Nenda nyumbani, Mwesiga. Kwaheri ya mama nitakutolea mimi."

Alikwenda. Wiki ya kwanza alipiga simu kila jioni na haikupokelewa. Wiki ya pili alipeleka ujumbe mmoja mrefu, akaufuta kabla haujasomwa, akaona aibu zaidi kwa kuufuta. Alimweleza Kaijage kila kitu, na Kaijage akamwambia tu kwamba kazini watu hutuachia vitu vyao kwa sababu hawawezi kuona ndani. Hakumfukuza. Mwesiga alitamani amfukuze.

Mama yake Kembabazi aliambiwa. Jioni alisema kijana yule alifanya ujinga wa kijana na Mungu ndiye aliyepanga siku za mumewe. Maneno hayo yalimuumiza Kembabazi kuliko kama mama angelaani, kwa sababu yalimwacha peke yake na hasira yake.

Agosti mwaka uliofuata Sista Deodatha alikuja likizo. Alikuwa mwembamba, mwenye kicheko cha baba yake, na alivaa kanzu ya kijivu na saa ya kiume. Mama alimsimulia wema wa fundi aliyekuja Jumamosi zote zile, bila kumsimulia lingine, na Deodatha akataka kumshukuru. Kembabazi aliona ni afadhali amalize. Alimpigia Mwesiga kwa mara ya kwanza baada ya miezi minane, akamwambia dada yake anamwita, na kwamba hajui lililotokea.

Alikuja. Alikuwa amekonda kidogo, na safari hii shati lake lilikuwa la kazini. Sista Deodatha alimshika mikono yote miwili na kuanza kumshukuru, na Mwesiga akamkatiza. Alisimama katikati ya sebule na kumweleza, toka kisanduku mpaka mnyororo, bila kujitetea kwa neno lolote. Alipomaliza, Deodatha alikaa chini.

"Nilijua ananisikiliza," alisema. "Niliambiwa kabla ya misa kwamba baba yupo mbele ya kompyuta. Nilisoma nadhiri nikitazama kamera badala ya askofu. Mama mkuu alinikaripia." Alifuta macho kwa kiganja. "Kumbe nilimtazama bure. Alinisikia tu. Kemba, alifanya nini nilipokuwa nasoma?"

Kembabazi alikuwa hajawahi kumwambia. Alimweleza sasa, kuhusu kiti, kiganja kwenye kioo, na lile swali la "Ni yeye huyo?" Halafu akaongeza jambo ambalo hakulisema hata kwa mama, kwamba alipoambiwa ndiye, mzee aliinamisha kichwa na kusema kwa sauti ndogo, nimekubali, mwanangu, nimekubali. Alilisema kwenye ile skrini ya kijani.

Deodatha alilia kwa sauti. Alipotulia alimwambia Mwesiga kwamba anamsamehe, na kwamba asidhani kusamehe maana yake haikuuma. Kisha akaingia chumbani kwa mama akafunga mlango.

Kembabazi alimsindikiza Mwesiga mpaka barabarani. Jua lilikuwa bado juu, watu wakitoka mashambani na majembe, wakiwasalimia wote wawili kana kwamba hakuna kilichobadilika. Alivaa gauni la bluu lenye vifungo mbele, na nywele alikuwa amezikata fupi. Mwesiga alimwambia zimempendeza. Aliitikia asante.

"Naomba nikuulize kitu," Kembabazi alisema walipofika. "Jumamosi ile ya pili, ungemaliza kazi, ungeniambia nini ukiondoka?"

"Kwaheri, labda. Sikuwa na ujasiri wa zaidi."

"Nilikuwa jikoni na mama. Unajua tulikuwa tunacheka nini? Mama aliniambia huyu fundi akimaliza leo, wewe mwenyewe utauchomoa waya ili arudi. Nikamwambia sihitaji kuchomoa waya, nitamwambia tu aje Jumapili baada ya ibada, aje kula. Nilikuwa nimeshapanga. Nilikuja na sinia nikiwa nimeyashika maneno mdomoni. Wewe ukasema bado kidogo, nikaona basi, hakuna haraka."

Mwesiga alitazama upande wa migomba mpaka uso wake ukatulia.

"Bado nakupenda," Kembabazi alisema. "Silifichi, maana nimeshaona kuficha kitu kwa sababu ya mapenzi kunaleta nini. Lakini ukiniambia mvua imenyesha Kayanga nitataka kwenda kuangalia. Siwezi kukaa na mume hivyo, na wewe hutaweza kukaa na mke hivyo."

"Kama nikingoja?"

"Usingoje. Nimeomba uhamisho, nimepata Ndama. Januari naanza. Mama nahama naye."

"Ndama si mbali."

"Si mbali. Ndiyo maana nakuomba usije."

Pikipiki ilikuja ikitokea chini. Kembabazi aliisimamisha mwenyewe, akamsalimia dereva, akamwambia ampeleke kaka huyu Kayanga na aende taratibu kwenye kona. Mwesiga alipanda. Alitaka kusema neno la mwisho na akaona maneno yote aliyonayo ni yale aliyopaswa kuyasema Oktoba, mlangoni mwa jikoni, wakati yalipokuwa mepesi.

"Sawa, Mwalimu," alisema. "Sitakuja."

Hilo alilitimiza.